Mrudisha mipira hununuliwa kwa chenji: mkuu, usibonyeze "kubali" kabla hujasoma hapa

Mkuu, toa kidole kwenye hicho kitufe kwanza.

Nimesoma bandiko lako na presha imepanda. Eti kwenye ligi yenu ya fantasi ya NFL, ile futiboli ya Kimarekani, ambapo kila mtu anapanga wachezaji wa kweli kwenye simu na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, unamtoa mpokea pasi Rome Odunze, unaongeza na chaguo lako la raundi ya kwanza (zamu ya mapema ya kuchagua wachezaji wapya), ili upewe Rashid Shaheed, mrudisha mipira, yaani anayedaka mkwaju wa mpinzani na kukimbia nao. Sababu zako ni mbili: ligi yenu inahesabu yadi za kurudisha mipira, na Januari 2026 ulimwona kwa macho yako akipokea mkwaju wa kwanza kabisa wa mechi dhidi ya timu ya 49ers na kukimbia nao yadi 95 hadi tachidauni, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja na kufunga. Halafu unamalizia, "Wadau mnaonaje?" Wadau tunaona mtu anaingia mkenge huku anacheka.

Hao waliokujibu hapo juu "dili safi, kanyaga twende" achana nao. Kukanyaga ni bure kwa anayetazama. Mimi nilikanyaga, na hiyo "twende" mpaka leo sijafika.

Neno langu ni moja na nitalirudia mpaka wanifungie akaunti: mrudisha mipira hununuliwa kwa chenji. Unamaliza kwanza kununua unga, mafuta na mboga, ndipo ile hela inayobaki ikilialia mfukoni unaangalia kama inatosha kumpata mtu wa kurudisha mipira. Ikitosha, mchukue. Isipotosha, nenda nyumbani ukapike.

Na wala usiniamini mimi, waangalie timu ya Seattle wenyewe. Novemba 2025 walimchukua huyohuyo Shaheed kutoka New Orleans kwa chaguo la raundi ya nne na la raundi ya tano. Basi! Watu wenye maskauti, madaktari na chumba kizima cha video, waliokuwa wanawinda ubingwa na wakaupata, walitoa ya nne na ya tano. Wewe mwenye simu yenye kioo kilichopasuka unatoa ya kwanza na mpokea pasi kijana juu. Hivi Seattle wangekuwa na roho kama yako si wangeuza na uwanja?

Sasa nikupe ya kwangu, uone kwa nini sina adabu leo.

Naishi Brooklyn Park, Minnesota, na tuna ligi yetu ya Wabongo na Wakenya ambayo tunabakiza wachezaji mwaka hadi mwaka, kama yenu. Timu yangu inaitwa Mbagala Vikings. Pointi moja kwa kila pasi iliyodakwa, moja kwa kila yadi 10 za pasi, moja kwa kila yadi 25 za kurudisha mpira, na 6 kwa tachidauni iwe ya aina yoyote. Hicho kipengele cha yadi za kurudisha aliking'ang'ania shemeji yangu, kaka yake mke wangu, siku tunaandika sheria. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini anakipigania hivyo.

Kiangazi cha 2013 habari ya mji huu ilikuwa Percy Harvin, aliyekuwa mrudisha mipira wa Vikings, timu ya hapa Minnesota. Kama hukuwepo, sijui nikueleze vipi. Msimu wa 2011 Vikings walifungua San Diego, mkwaju wa kwanza wa msimu ukamfikia, yadi 103, tachidauni, watu hata hawajakaa vizuri kwenye viti. 2012 akawafanyia hivyohivyo Detroit, yadi 105, tena mkwaju wa kufungua mechi. Halafu Machi 2013 Vikings wakamuuza kwa Seattle. Mji ukalia. Mimi nikawaza: Vikings wamenichukulia mtu wangu, basi nitampata kwa mlango wa fantasi.

Aliyekuwa naye ni nani? Shemeji.

Dili tuliifunga nyumbani kwake, nyama iko jikoni, mwezi wa saba. Nikampa mpokea pasi Josh Gordon na chaguo langu la raundi ya kwanza la mwaka unaofuata. Gordon alikuwa kijana tu wa Cleveland, amefungiwa mechi mbili za mwanzo, na kila mtu alikuwa anamkwepa. Nikajiona mjanja: namtupa mtu aliyefungiwa, napokea nyota. Shemeji ni nesi, kwa hiyo nilimuuliza kitaalamu kabisa, maana Harvin alikuwa amekosa nusu ya msimu uliopita kwa kifundo cha mguu. Akaniambia, huku anageuza mishikaki, "Shemeji, kifundo kimepona, hilo mimi nakuhakikishia."

Na kweli kilipona! Mpaka leo hajawahi kukosea kuhusu kile kifundo. Ila nyonga hakuiongelea, na mimi sikuuliza. Agosti mosi Harvin akawa kwenye meza ya upasuaji, nyonga.

Hapo mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angehesabu hasara na kutafuta pa kumtupa. Kulikuwa na Mkenya mmoja kwenye ligi yetu yuko tayari kunipa mkimbiaji wa akiba, mtu wa kawaida kabisa lakini anacheza kila Jumapili. Nikamkatalia. Kwa nini? Kwa sababu ya bwana mmoja wa podikasti.

Huyu bwana simtaji, ana watoto wa kusomesha. Nilikuwa namlipia kila mwezi ili anipe "siri za ndani". Siri yake kuu ilikuwa kwamba yadi za kurudisha mipira ni dhahabu ambayo wenzako hawaioni, na kwamba Harvin akirudi atakuwa na pointi za watu wawili ndani ya mtu mmoja. Septemba akasema Oktoba. Oktoba akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika akasema anafanya mazoezi vizuri, wiki ijayo. Mimi nikamweka Harvin kwenye kikosi wiki baada ya wiki, nafasi imekaliwa na mtu mwenye magongo, na kila Jumanne napita kwenye orodha ya wachezaji huru naona watu wazuri lakini sina pa kuwaweka. Bwana wa podikasti hajawahi kuomba radhi. Msimu uliofuata alikuja na dhahabu nyingine, na bei imepanda.

Ngoja nikueleze Septemba 22, maana hiyo siku nitaisimulia hata kwa wajukuu. Cleveland walikuja Metrodome, uwanja wangu mwenyewe. Ni mechi ya kwanza ya Gordon baada ya kufungiwa. Nimekaa na jezi yangu ya zambarau, na pembeni yangu amekaa shemeji, ambaye tiketi nilimnunulia mimi, kwa sababu mke wangu alisema tusiwe na kinyongo. Gordon akadaka pasi 10, yadi 146, tachidauni moja. Vikings wakafungwa 31 kwa 27, pasi ya mwisho ikiingia imebaki chini ya dakika moja. Yaani niliadhibiwa mara mbili kwa tiketi moja: timu ya moyoni imefungwa, timu ya simu imefungwa, na aliyenifunga anakula nachosi zangu. Kila Gordon alipodaka, shemeji alikuwa ananigusa goti kwa upole, kama anayempa mtu pole msibani.

Subiri, haijaisha. Unakumbuka Vikings baada ya kumuuza Harvin walihitaji mtu wa kurudisha mipira? Walimchukua kijana anaitwa Cordarrelle Patterson kwenye drafti ya mwaka huohuo, pale timu za NFL zinapochagua vijana wageni kwa zamu. Ligi yetu ilimpuuza kabisa, alikuwa amelala kwenye wachezaji huru bila mwenyewe. Unajua nani alimwokota? Sihitaji kukuambia. Wiki ya pili kule Chicago, mkwaju wa kufungua mechi, Patterson yadi 105, tachidauni. Oktoba dhidi ya Packers, mkwaju wa kufungua mechi tena, yadi 109, umbali ambao huwezi kuupita kwa sababu uwanja umeisha. Shemeji aliniuzia mrudisha mipira kwa bei ya ng'ombe, kisha akaenda akaokota mwingine bure, na wa bure ndiye akawa mzuri kuliko wote msimu ule.

Hapo ndipo ilipo nguzo ya hoja yangu, mkuu, kwa hiyo soma taratibu. Wapokea pasi wazuri hawaokotwi. Wakimbiaji wazuri wanaokotwa mara chache, na ni bahati. Warudisha mipira wanaokotwa kila mwaka. Timu zote 32 zina mtu anayesimama pale nyuma kusubiri mkwaju, na mara nyingi ni kijana mgeni mwenye mbio ambaye bado hajajua vitu vingine.

Turudi kwenye maumivu. Wiki ya 11, Novemba 17, Harvin anarudi. Dhidi ya nani? Vikings, kwa kweli Mungu ana utani. Nikamwanzisha. Nikamweka benchi mtu mwenye mguu mzima. Alirudisha mkwaju mmoja kwa yadi 58 karibu na mapumziko, nikaruka nikagonga taa ya sebuleni. Akadaka pasi moja ya yadi 17. Kisha wakamkalisha. Piga hesabu: 58 gawa kwa 25, ongeza pointi ya pasi, ongeza yadi 17. Pointi 5.02. Hiyo ndiyo jumla ya msimu mzima wa nyota wangu. Pointi tano na senti mbili.

Wiki iliyofuata Gordon akadaka pasi 14, yadi 237, tachidauni moja. Pointi 43.7. Wiki inayofuata tena, dhidi ya Jacksonville, pasi 10, yadi 261, tachidauni mbili. Pointi 48.1. Hakuna mtu kabla yake aliyewahi kupata yadi 200 za pasi kwenye mechi mbili mfululizo, na historia yote hiyo iliandikwa kwenye akaunti ya shemeji. Alimaliza msimu akiwa anaongoza ligi nzima ya NFL kwa yadi za pasi, 1,646, pamoja na zile mechi mbili za kufungiwa. Sikukuu ya Thanksgiving iliangukia katikati ya hizo wiki mbili. Bata mzinga nilimla hivyohivyo, lakini hakuwa na ladha.

Na sasa kisa chenyewe. Februari 2, 2014, Super Bowl, fainali ya NFL, Seattle na Denver. Kipindi cha pili kinaanza, mkwaju unadunda mbele ya Harvin, anauokota, anapita katikati yao kama wamepigiliwa misumari. Yadi 87. Tachidauni, sekunde 12 tu zimepita. Sebule nzima inapiga kelele. Kwa pointi za ligi yetu hiyo ni tisa na nusu hivi. Ila ligi yetu iliisha Desemba. Kombe lilikuwa tayari kwa shemeji, juu ya friji.

Umeelewa? Ile mbio moja niliyomnunulia ilitokea kweli, tena kwenye jukwaa kubwa kuliko yote, na sikupata hata nusu pointi. Sasa rudi kwenye bandiko lako usome sababu yako ya pili. Zile yadi 95 za Shaheed dhidi ya 49ers zilikuwa Januari, mtoano. Ligi yenu huisha lini? Enhe.

Najua utaniambia, lakini Desemba 2025 alirudisha mwingine kule Atlanta yadi 100, na siku chache baadaye akawarudishia Rams wa yadi 58. Ni kweli, na nilishangilia. Kijana ni mtamu, sibishani na macho yako. Hata kabla ya hapo alikuwa anadaka pasi nyingi New Orleans kuliko alivyodaka Seattle, kwa hiyo si mtu wa kazi moja. Nabishana na bei.

Ukidhani niliishia hapo basi hunijui. Baada ya ile Super Bowl nililewa. Mtu akanipa ofa nzuri ya Harvin mwezi wa nane, nikakataa, nikambakiza. 2014 Oktoba, usiku wa Jumatatu kule Washington, akafunga tachidauni tatu. Tatu! Zote zikafutwa kwa faulo za wenzake. Nimekaa kwenye kochi nahesabu, inaingia, inatolewa, inaingia, inatolewa. Siku kumi na moja baadaye, Ijumaa, Seattle wakamuuza kwa Jets.

Na walimuuza kwa nini? Hapa ndipo naomba kila mwenye timu, ya kweli au ya simu, asimame kidogo. Kumpata walitoa chaguo la raundi ya kwanza la 2013, la 25 kwenye orodha, wakaongeza la raundi ya saba, wakaongeza na la raundi ya tatu la 2014. Juu yake mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 67. Wakamchezesha mechi sita za msimu wa kawaida na mbili za mtoano. Kisha wakapokea kutoka Jets chaguo lililokuja kuwa la raundi ya sita. Vikings kwa lile la 25 walimchukua Xavier Rhodes, beki aliyewachezea miaka saba. Wao walipata ukuta, Seattle wakapata kumbukumbu moja nzuri sana. Najua walichukua kombe, lakini lile kombe Denver walifungwa 43 kwa 8, hata ukiifuta ile tachidauni bado hesabu haibadiliki.

Halafu ona watu wanaonunua kwa chenji. Seattle hawahawa, 2010, walimpata Leon Washington kutoka Jets kwa chaguo la raundi ya tano, tena Jets wakawaongezea la raundi ya saba. Septemba mwaka huo akawarudishia San Diego mikwaju miwili ndani ya mechi moja, yadi 101 na yadi 99, na bila hiyo miwili wangelala. Patriots, 2018, wakampata Patterson yuleyule kutoka Raiders kwa raundi ya tano na bado wakarudishiwa ya sita, na wakamaliza mabingwa. Ted Ginn aliyewapiga Jets tachidauni mbili za mikwaju kwenye mechi moja ya 2009? Miezi sita haikupita, Dolphins wakamtoa kwa raundi ya tano, na wao walikuwa wamemchagua wa 9 kwenye drafti. Green Bay walimpata Desmond Howard 1996 bila kutoa chaguo lolote, mtu ambaye wenzao walishachoka naye, na Januari 1997 akawa mchezaji bora wa Super Bowl kwa mbio za yadi 99. Soko lenyewe linakuambia bei ni ipi. Wewe unakuja na raundi ya kwanza, unajiita mwekezaji.

Upande wa pili nao kuna mtu wa kutaja, maana najua atatokea mjuaji: Rams, 2013, walipanda kutoka nafasi ya 16 hadi ya 8 kwenye drafti ili wamchukue Tavon Austin, wakatoa na chaguo la raundi ya pili njiani. Mbio alikuwa nazo kweli, mikwaju alirudisha kweli. Ila muulize shabiki wa Rams kama angerudia.

Sasa hoja yako ya sheria mpya, ambayo nakiri ndiyo pekee yenye nyama kwenye bandiko lako. Unasema tangu 2024 mkwaju wa kuanzia umebadilishwa, na 2025 wakasogeza tena, mpira ukiingia endizoni (lile eneo la mwisho wa uwanja) moja kwa moja na kuishia humo mpinzani anaanzia yadi 35, kwa hiyo wapiga teke wanaogopa na mikwaju mingi sasa inarudishwa. Kweli tupu. Tumetoka mbali: Super Bowl ya Februari 2024 mikwaju yote 13 iliishia endizoni, hakuna hata mmoja uliorudishwa.

Lakini fikiri hatua moja mbele. Mikwaju ikirudishwa mingi, nani anafaidi? Wote. Yule wa bure kwenye wachezaji huru naye sasa anapata mikwaju kila mechi, yadi ishirini na kitu kila mara. Zamani nyota angalau alikuwa na kitu ambacho wengine hawana. Sasa kila timu inakupa mtu mwenye yadi za kurudisha. Bidhaa imejaa sokoni na wewe ndiyo kwanza unapandisha bei.

Tena siku hizi nyuma wanasimama wawili. Mpiga teke anaangalia: kushoto yuko nyota, kulia yuko kijana ambaye hata mtangazaji hajui jina lake. Unadhani mpira anaupeleka wapi? Mpokea pasi wako akinyimwa mpira, kocha wake na kwotabeki wake, mrusha pasi, wanakaa wiki nzima kutafuta namna ya kumfikishia. Mrudisha mipira anasubiri mguu wa adui. Yaani pointi zako za wiki zinaamuliwa na mpiga teke wa timu nyingine! Na wapiga teke wameshajanjaruka, wanapiga mipira inayoyumba na kudunda vibaya kabla haijafika mkononi.

Na sheria zenyewe zinaamuliwa na wenye timu, kura 24 kati ya 32 zinatosha. Machi 2011 waliusogeza mkwaju kutoka yadi 30 hadi 35, na wapiga teke wakaanza kuuzamisha endizoni. Waliokuwa wamenunua warudisha mipira kwa mtaji waliamka asubuhi duka limefungwa. 2016 wakagusa tena. 2018 wakagusa tena. 2023 tena. Hakuna sehemu ya mchezo huu inayochezewa chezewa kama hii. Odunze hawezi kuamka Machi akakuta kudaka pasi kumepigwa marufuku.

Halafu kuhusu Odunze mwenyewe. Unasema umechoka naye kwa sababu mguu ulimsumbua mwishoni mwa msimu na jamaa anakuambia "huyo majeruhi tu". Mkuu. Chaguo la 9 la drafti ya 2024. Kijana. Anashuka bei kwa sababu ya kitu kinachopita. Gordon nilimtoa kwa sababu ya mechi mbili za kufungiwa. Mechi mbili! Huyo anayekuomba Odunze anajua hesabu zake, na kama nyumbani kwake kuna jiko la mkaa na anageuza mishikaki huku anaongea kwa upole, kimbia.

Fanya hivi. Mrudishie ofa: raundi ya nne na ya tano, kama Seattle, neno kwa neno. Akikasirika mwambie hiyo ndiyo bei waliyomlipa New Orleans, kama ana malalamiko awapigie. Akikubali, mchukue Shaheed kwa mikono miwili, nami nitakuja hapa kukupongeza. Akikataa, subiri Agosti, angalia nani anasimama nyuma kwenye mechi za maandalizi, mwokote mmoja mgeni mwenye mbio ambaye hakuna aliyemsikia, na Odunze abaki alipo.

Na kama ulishabonyeza kabla hujafika huku chini, ligi nyingi zinampa msimamizi muda wa kuzuia dili kabla haijapita. Mpigie sasa hivi. Usimtumie meseji, ataisoma kesho.